Dawa ya Jino Si Koleo

Uko msemo uliozoeleka mno katika nchi hii, hata watu wengi huudhania kuwa ni kauli ya utabibu. Msemo huo wasema: "Dawa ya jino ni koleo." Husemwa sokoni Soni, husemwa katika vibanda vya chai vya Mombo, mahali abiria wanaposubiri gari la kupanda kilometa zipatazo 33 za kona hadi mjini Lushoto, na, jambo la kusikitisha zaidi, husemwa hata katika ofisi za Serikali na katika vyumba vya walimu, mahali ambapo ingetazamiwa kwamba kila kauli hupimwa kabla ya kukubaliwa. Mtumishi akilalamika kwamba jino linamwuma, wenzake hawamwulizi limetoboka kwa kiasi gani, wala limeanza kuuma lini. Humwambia akaling'oe. Naye huomba ruhusa ya nusu siku, huenda, huchomwa sindano ya ganzi, hurudi na pamba mdomoni, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha.

Kwa hakika shauri hilo halijaisha, bali ndipo linapoanza. Gego likitolewa, meno ya jirani huanza kulalia penye pengo, na lile la upande wa pili lililokuwa likikutana nalo katika kutafuna husogea kutoka mahali pake, kwa kuwa limekosa la kulizuia. Chakula hunasa mahali ambapo zamani hakikuwa kikinasa, na meno yaliyokuwa mazima nayo huwa hatarini kuoza. Baada ya miaka michache mtu yule yule hurudi kwenye kiti kile kile kwa ajili ya jino la pili, kisha la tatu. Msemo ulioahidi dawa umemletea ugonjwa wa kudumu.

Yafaa basi ielezwe wazi kwamba msemo huo ni wa uongo. Jino lililotoboka, likiwahiwa, huweza kusafishwa, likazibwa na likaendelea kumtumikia mwenyewe kwa miaka mingi. Tena kazi hiyo huweza kufanyika bila umeme, bila maji ya bomba na bila mashine yoyote, juu ya meza ya kawaida ya darasani. Njia ya kufanya hivyo haikuzaliwa London wala New York. Ilizaliwa Tanzania. Kwa hiyo hakuna sababu ya haki kwa nini mwananchi wa milima ya Usambara, au wa mahali pengine popote nchini, aendelee kupoteza meno ambayo yangeweza kuokolewa.

Kwanza ieleweke jinsi jino linavyooza, maana ujinga wa jambo hili ndio unaolisha msemo huo. Jino halioziwi na mdudu aliyeingia kutoka nje, kama wengi wanavyoamini. Mdomoni mwa kila mtu mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hujijenga juu ya meno kama utando. Mtu anapokula sukari, vijidudu hivyo nao hula, na katika kula kwao hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya gamba gumu la nje la jino kidogo kidogo. Mate hujitahidi kurudisha madini yaliyopotea. Lakini sukari ikija kila saa, mate hushindwa. Hatimaye gamba hutoboka, na uozo hupenya katika sehemu ya ndani iliyo laini zaidi, ukitambaa kuelekea kwenye kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Safari hiyo yote, kuanzia doa dogo hadi maumivu ya kukosesha usingizi, mara nyingi huchukua miezi mingi au hata miaka. Maana yake ni kwamba muda wa kuokoa jino upo, tena si mfupi. Unaokosekana ni mkono wa kuokoa.

Mkulima wa Usambara hana haja ya kufundishwa maana ya jambo hili. Katika bonde la Mlalo na katika miteremko ya wilaya nzima, kila mwenye shamba anajua kwamba korongo kubwa huanza kama mfereji mdogo wa maji ya mvua. Ndiyo sababu mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulioanza Lushoto mwaka 1981, uliojulikana kwa jina la SECAP, ulihimiza makinga maji, upandaji wa miti, na mistari ya majani ya Guatemala katika mashamba ya miteremko. Mkulima akiuona mfereji ungali mdogo huuziba, akapanda majani, na shamba likapona. Hakuna mkulima mwenye akili timamu anayeuona mfereji wa kiganja kimoja, akasema dawa yake ni kulitupa shamba lote. Basi iweje mtu huyo huyo, au mwanawe aliyesoma na kupata kazi ya ofisini, aone tundu dogo katika jino na kungoja mpaka liwe korongo, kisha alitupe jino zima?

Na achukuliwe mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha juu ya Mlalo. Kazi yake ni kusema. Kila siku hufundisha matamshi, husomesha, huimbisha, na watoto humtazama mdomoni. Mwalimu huyo akipoteza meno ya mbele, herufi zinazotamkwa kwa meno humponyoka, na watoto wa Darasa la Kwanza hujifunza kasoro hiyo pamoja na irabu. Akiumwa jino, hufundisha nusu au hafundishi kabisa, na siku anayosafiri kwenda mjini kutafuta tiba darasa hubaki peke yake. Mwalimu huyo ni mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mfuko ulioanza kazi mwaka 2001. Kila mwezi mchango wa asilimia 6 ya mshahara wake huenda katika mfuko huo, nusu ukitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Amekwisha kulipia matibabu yake kabla hajaugua. Itakuwa ajabu iliyoje basi kama, baada ya kulipa kwa miaka 10, atakachokikuta mwisho wa safari yake ni kulekule kung'olewa ambako kulikuwako kabla ya bima, kabla ya barabara, na kabla ya shule yake yenyewe kujengwa!

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi haimfiki mwalimu. Humfika mtoto anayeketi mbele yake. Karibu na umri wa miaka 6, yaani wakati ule ule mtoto anapoingia Darasa la Kwanza, gego lake la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya meno yake ya utoto. Haling'oki jino lolote kulipisha. Hujitokeza kimya kimya mahali palipokuwa na ufizi mtupu, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hawajui kama limeota. Wakiliona baadaye limetoboka, husema, "Hilo ni la utoto, litang'oka, litaota jingine." Halitaota jingine. Gego hilo ndilo limekusudiwa kubeba kazi ya kutafuna tangu utoto hadi uzee. Lina mifereji mirefu katika uso wake ambamo chakula hunasa kwa urahisi, na kwa hiyo ni miongoni mwa meno yanayotangulia kuoza. Mtoto huweza kulipata Darasa la Kwanza na kulipoteza kabla ya kumaliza shule ya msingi, bila mtu yeyote mzima kujua kwamba alipewa kitu cha maisha akanyang'anywa.

Hapa ndipo inapofaa kukumbusha historia ambayo Watanzania wachache wanaijua. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza nchini mwaka 1979, Muhimbili, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka michache baadaye, walimu wa fani hiyo walipotoka mjini kwenda kuwahudumia wananchi wa vijijini, walikabiliwa na ukweli mchungu. Mashine za kukereza meno zilihitaji umeme na maji, na vijijini havikuwapo. Kwa hiyo mwananchi aliyefika na jino bovu aling'olewa, hata kama lilikuwa jino la kuzibika. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno kutoka Uholanzi, Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alijaribu na wenzake jambo lililoonekana dogo mno: waliiacha mashine, wakatumia vifaa vya mkono peke yake. Waliukwangua uozo, wakalisafisha tundu, wakaliziba kwa saruji ya meno. Jino lilipona.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Mgonjwa hulazwa juu ya meza, nayo meza ya shule hutosha. Tabibu hutumia kioo kidogo cha mdomoni, kibano, patasi ndogo ya kupanulia tundu lililo jembamba, na vijiko vidogo vyenye makali vya kukwangulia uozo laini. Sehemu ngumu na nzima ya jino haiguswi. Kwa kuwa kinachoondolewa ni kile kilichokwisha kufa, mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Kisha huchanganywa unga na kimiminika, ikapatikana saruji iitwayo glasi-ionoma, ambayo hushikana na jino lenyewe na kutoa floridi kidogo kidogo. Saruji hiyo hutiwa katika tundu, pamoja na katika mifereji ya jirani ambayo ingeoza kesho, na kushindiliwa kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta ya vaselini. Mgonjwa huambiwa asile kwa muda wa saa moja. Basi, kazi imekwisha.

Ulimwengu haukuidharau njia hiyo. Ilijaribiwa Thailand kuanzia mwaka 1991 na Zimbabwe kuanzia mwaka 1993. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza mbele ya mataifa. Wataalamu wa Muhimbili waliyafuatilia kwa miaka 6 meno ya watoto wa shule yaliyozibwa kwa njia mbalimbali, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya vizibo ilikuwa bado imeshika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji ya glasi-ionoma, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu, orodha ile ile iliyo na dawa za malaria na za kifua kikuu. Kwa lugha nyingine, saruji ya kuzibia meno imekwisha kutangazwa kuwa si anasa.

Hali ikoje basi katika nchi ilikozaliwa? Mwaka 2009 Profesa Emil Kikwilu wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu kliniki za meno za Serikali. Walieleza waziwazi jambo ambalo kila mgonjwa alikuwa akilijua: tiba iliyotawala katika kliniki hizo ilikuwa ni kung'oa, kwa kuwa uchumi haukumudu namna ya kuziba inayotegemea mashine za gharama, umeme na maji ya bomba. Yaani miaka zaidi ya 20 baada ya ufumbuzi kupatikana hapa hapa nchini, tatizo lile lile lilikuwa bado linatajwa kwa maneno yale yale. Mbegu ilipandwa nyumbani, ikastawi ugenini, na mwenye shamba akabaki akilia njaa. Hali hii haiwezi kuelezwa kwa umaskini peke yake. Inaelezwa pia kwa mazoea, na mazoea ya namna hii yana watetezi wake. Hoja zao hazina budi kujibiwa moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema kwamba wananchi wenyewe ndio wanaoomba kung'olewa. Ni kweli kwamba wengi huomba hivyo. Lakini mtu huomba kile anachokijua. Aliyezaliwa katika kijiji ambacho hakuna hata jirani mmoja aliyezibwa jino, ataombaje kuzibwa? Kuyahukumu meno kwa imani badala ya uchunguzi si jambo geni katika nchi hii. Historia ya Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, yasimulia kwamba Mbega, mwanzilishi wa ukoo uliotawala Usambara kutoka Vuga, aliota meno ya juu kwanza alipokuwa mtoto mchanga kwao Ngulu. Akaitwa kigego. Kwa imani ya wakati ule kigego alikuwa mkosi kwa ndugu zake, nao wakamtenga kwa kila msiba uliowapata, hata akahama. Washambaa waliompokea hawakumpima kwa meno yake. Walimpima kwa kazi yake ya kuwaulia nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia nyama, na mwisho wakamfanya mfalme. Watu wa kale walimhukumu mtu kwa ajili ya jino. Watu wa leo wanalihukumu jino bila kulitazama. Makosa ni yale yale ya kutoa hukumu kabla ya uchunguzi, na wajibu wa msomi ni kuyaondoa, wala si kujificha nyuma yake.

Aidha, watetezi wa hoja hiyo wamesahau kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Wakati huo wananchi wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Hakuna aliyesema kwamba wananchi hawapendi vyoo na kwa hiyo waachwe. Walielezwa sababu, nao wakatenda. Mwananchi aliyeelewa kwa nini achimbe choo hawezi kushindwa kuelewa kwa nini azibwe jino.

Hoja ya pili husema kwamba wataalamu hawatoshi. Hoja hii ingekuwa na uzito kama kuziba meno kwa vifaa vya mkono kungehitaji daktari bingwa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Njia hii ilikusudiwa iweze kufanywa na matabibu wa meno wa ngazi ya kati waliofundishwa vizuri, na vyuo vya kuwafundisha vipo. Kimoja kiko Tanga mjini, katika mkoa huu huu, na kingine Mbeya. Mtu anayeweza kuaminiwa achome sindano ya ganzi na kung'oa gego lenye mizizi miwili au mitatu, kazi yenye hatari ya kuvuja damu na kuvunjika kwa mzizi, ataaminiwaje kwa kazi hiyo ngumu na asiaminiwe kwa kazi ya kukwangua na kuziba? Ukweli ni kwamba hukosa vijiko na saruji, na kwa kukosa hivyo hulazimika kulishika koleo alilopewa. Asilaumiwe yeye. Alaumiwe anayeandika oda ya vifaa na kuorodhesha makoleo peke yake.

Hoja ya tatu husema kwamba yako maradhi makubwa zaidi, na kwamba meno hayaui. Kwanza, si kweli kwamba hayaui. Uozo ukifika kwenye kiini na kutunga usaha, usaha huo huweza kushuka katika taya na shingo, ukavimbisha njia ya hewa, na mgonjwa akafa. Pili, Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Ugonjwa unaowapata watu wengi kiasi hicho hauwezi kuitwa mdogo kwa sababu tu kila mmoja anaumwa akiwa nyumbani kwake, usiku, peke yake. Tatu, Taifa lililotangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini halikusema kwamba maradhi ya mdomoni yasubiri mpaka mengine yaishe.

Hoja ya nne husemwa zaidi na wenye uwezo. Wao husema kwamba pengo si neno, kwa kuwa meno ya bandia yapo. Wahenga waliwajibu zamani: jino la pembe si dawa ya pengo. Meno ya bandia yana kazi yake ya heshima kwa mtu aliyekwisha kupoteza ya asili, wala hapana sababu ya kumcheka. Lakini hayatafuni kama ya asili, huhitaji kusafishwa na kurekebishwa, na gharama yake hupita kwa mbali gharama ya kizibo kimoja. Kumshauri mwananchi wa Mtae au wa Mlola ang'oe gego linalozibika kwa matumaini ya kununua la bandia ni sawa na kumshauri abomoe nyumba yenye ufa ili apate nafasi ya kupanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta huweza kujengwa upya, na gego la kudumu haliwezi.

Pamoja na hayo haifai kutia chumvi. Koleo lina mahali pake. Jino ambalo uozo umekwisha kufika kwenye kiini haliponi kwa kizibo cha juu juu. Hilo huhitaji kutibiwa mzizi, kazi ngumu inayohitaji vifaa na muda, au kung'olewa. Vilevile vizibo vya saruji hii hudumu vizuri zaidi katika matundu yaliyo kwenye uso mmoja wa jino kuliko katika yale yaliyovunja pande mbili au tatu. Lakini huu si utetezi wa koleo. Ni sababu ya kuwahi. Kila mwezi unaopotea kabla ya kuziba hulisogeza jino kutoka mkononi mwa mwenye saruji na kulitia mkononi mwa mwenye koleo.

Jambo jingine linaloongeza haraka ni lile la amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na madini mengine ambao kwa muda mrefu umetumika kuziba meno. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walidhurika kwa zebaki, na mkataba huo ukaanza kutumika mwaka 2017. Tanzania nayo imeuridhia. Miongoni mwa shabaha zake ni kupunguza matumizi ya zebaki katika meno. Kwa hiyo nchi haina budi kujizoeza kuziba kwa vitu vingine, nayo njia iliyozaliwa hapa nchini ndiyo iliyo tayari kwa kazi hiyo.

Wala kuziba hakuwezi kusimama peke yake. Ni kazi bure kumziba mtoto gego asubuhi, na saa nne akatoka darasani kununua peremende, biskuti na soda katika kibanda kilichoruhusiwa mlangoni mwa shule. Milima ya Usambara inatoa pea, machungwa, karoti na matunda ya kila namna, hata malori hupakia usiku na mchana kwenda Dar es Salaam. Ni aibu kwamba mtoto wa milima hiyo hiyo anunue sukari iliyofungwa katika karatasi. Kamati ya shule iliyo hai huweza kulisahihisha jambo hili katika kikao kimoja, bila kungoja waraka. Na mswaki, uwe wa dukani au wa mti uliochongwa vizuri, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, bado ndiyo kinga iliyo rahisi kuliko zote.

Basi mambo ya kutendwa yako wazi, nayo si mengi. La kwanza lawahusu watumishi wa Halmashauri, za Lushoto na Bumbuli na za wilaya nyingine zote. Wakati wa kupanga bajeti na kuagiza vifaa vya zahanati na vituo vya afya, saruji ya kuzibia na vifaa vya mkono viandikwe katika oda kwa majina yake. Kisichoandikwa hakiletwi, na kisicholetwa hakitumiki. Kalamu ya ofisa mipango huweza kuokoa meno mengi kuliko mkono wa tabibu mmoja.

La pili ni hesabu. Taarifa ya kila robo mwaka ya huduma ya meno isiridhike kusema kwamba wagonjwa kadhaa walihudumiwa. Ionyeshe, katika safu mbili zilizo bega kwa bega, meno yaliyozibwa na meno yaliyong'olewa. Taarifa hiyo isomwe mbele ya madiwani. Pale ambapo safu ya pili ni ndefu na ya kwanza ni tupu, mhusika aulizwe sababu. Na kama sababu ni ukosefu wa saruji, aulizwe aliyepaswa kuiagiza. Urasimu hufurahia giza. Safu mbili za tarakimu ni taa ya kutosha.

La tatu lawahusu walimu, ambao hawaombwi kuwa matabibu. Wanaombwa kitu kimoja. Mara moja kila muhula, mtoto wa Darasa la Kwanza na la Pili afunuliwe mdomo penye mwanga wa dirisha, na mwalimu atazame nyuma ya meno ya utoto. Akiona gego jipya, amweleze mzazi kwamba hilo ni la kudumu. Akiona doa jeusi au tundu, aandike jina na kumpeleka mtoto kwa tabibu kabla hajaanza kulia kwa maumivu. Na tabibu, badala ya kungoja watoto 30 wamfuate mjini kwa gharama ya wazazi wao, achukue mfuko wake wa vifaa na kuwafuata shuleni. Njia hii ilibuniwa kwa safari kama hiyo.

La nne lamhusu kila mtumishi mwenye kadi ya bima. Akikaa mbele ya tabibu, aulize swali moja kabla ya kufungua mdomo kwa ajili ya ganzi: "Je, haliwezi kuzibwa?" Kama haliwezi, aelezwe sababu. Kama linaweza lakini saruji hakuna, jambo hilo liandikwe na kupelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya. Swali hilo likiulizwa na watumishi wachache litaonekana kuwa ni usumbufu. Likiulizwa na wote litakuwa agizo. Naye mkulima, anayemwona mwalimu na karani wakirudi na meno yaliyozibwa badala ya mapengo, atajua la kuomba zamu yake itakapofika.

Nchi iliyoionyesha dunia jinsi ya kuliokoa jino kwa kijiko na saruji haina haki ya kuwafundisha watoto wake kwamba dawa ya jino ni koleo. Msemo huo uondolewe katika vyumba vya walimu kwanza, kisha katika ofisi, na vibanda vya chai vitafuata. Mwanafunzi anayeingia Darasa la Kwanza mwaka huu analeta gego jipya lisilo na doa. Atakapomaliza shule ya msingi, atoke nalo.